Ligi za chini za raga Uingereza: mbona mwenye ushindi mwingi yuko wa pili?

KipangaMalindi (Malindi)

Salaam aleikum wanabarza. Mtoto wa shangazi anachezea klabu moja ya daraja la Counties 1 huko Uingereza, na hapa Malindi tumekuwa kundi la kumfuatilia kila Jumamosi jioni. Mchezo wenyewe tunaujua. Kinachotushinda ni msimu: jedwali, mechi zinazotoweka na nani anapanda.

Hali ilivyo sasa: timu yao, tuiite A, imecheza mechi 13, imeshinda 10, imepoteza 3, ina pointi 46. Timu B imecheza 14, imeshinda 9 tu, imepoteza 5, lakini imekaa kileleni na pointi 49. Huko chini kuna timu C: mechi 14, ushindi 6, sare 1, kupoteza 7, bonasi 8. Nikipiga hesabu napata 34, jedwali linaniandikia 29. Mtandao umekosea?

Halafu mechi zao mbili za Januari ziliahirishwa asubuhi ya siku yenyewe, na nyingine imeandikwa HWO bila alama zozote. Jumamosi iliyopita walimaliza kipindi cha pili kwa skramu zisizosukumwa (skramu ni pale fowadi wa pande mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira), na kijana anasema hapo ndipo mechi ilipowaponyoka. Sheria yake ikoje? Na wakimaliza wa kwanza wanapanda kwenda wapi? Majina ya madaraja yananichanganya. Ligi ina timu 12. Wenye ujuzi nisaidieni, hata kwa marefu.

---

HesabuZaRaga (Lamu)

Wa aleikum salaam Kipanga. Mtandao haujakosea, wala B hawajabebwa.

Ushindi ni pointi 4, sare 2, kupoteza sufuri. Juu yake kuna bonasi mbili, kila moja inajitegemea. Ukifunga trai 4 au zaidi (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani) unapata pointi 1, uwe umeshinda, umetoka sare au umepigwa. Ukipoteza kwa tofauti ya alama 7 au chini yake unapata pointi 1. Basi mshindi anaondoka na 4 au 5, na aliyeshindwa anaweza kuondoka na 0, 1 au hata 2. Ni mfumo huohuo wa Kombe la Dunia. Usiuchanganye na ule wa ligi kuu ya Ufaransa: kule bonasi ya trai ni ya mshindi aliyemzidi mwenzake kwa trai 3, na ile ya kupoteza inaishia tofauti ya alama 5. Ukisoma majedwali ya nchi zote mbili bila kujua hilo, hesabu zitakukataa kila wiki.

Sasa rudi kwa A na B. A: 10 mara 4 ni 40, kwa hiyo wana bonasi 6. B: 9 mara 4 ni 36, kwa hiyo wana bonasi 13. Mechi 14, bonasi 13! Hiyo ni timu inayofunga trai nne karibu kila wiki, na hata ikipigwa haipigwi vibaya. A wanashinda kwa mguu na kwa ulinzi, wanafunga trai mbili tatu, wanafunga mlango, wanarudi nyumbani na 4. Mwezi Septemba hakuna anayeiona tofauti hiyo. Kufika Machi imekuwa pengo.

Lakini B hawajashinda lolote bado. Ligi ya timu 12 ina mechi 22 kwa kila timu, nyumbani na ugenini. A wamebakiza 9, B wamebakiza 8. Fanya hesabu tatu kabla ya kuamini nafasi yoyote kwenye jedwali la katikati ya msimu:

Kwanza, kiwango cha juu kabisa. A: 46 na 45 ni 91. B: 49 na 40 ni 89. A ndio wenye nafasi ya kufika juu zaidi, japo wako wa pili.

Pili, wastani wa pointi kwa mechi. A: 46 gawa 13, ni 3.54. B: 49 gawa 14, ni 3.50. Ukizidisha kwa mechi 22 unapata karibu 78 kwa A na 77 kwa B. Huo ni mwanya wa bonasi moja.

Tatu, wakilingana pointi. Kinachoangaliwa kwanza ni idadi ya mechi ambazo timu imeshinda, kisha tofauti ya alama za kufunga na kufungwa, kisha jumla ya alama zilizofungwa. Kwa ushindi 10 dhidi ya 9, sasa hivi A wako mbele. Yaani katika sare ya pointi A wameshika kisu upande wa mpini.

Kuhusu timu C: hesabu yako ni sahihi. 6 mara 4 ni 24, sare moja ni 2, bonasi 8, jumla 34. Jedwali likisoma 29, timu hiyo imekatwa pointi 5. Sababu za kawaida ni mbili: kushindwa kutimiza mechi, au kumchezesha mtu asiyestahili, kama ambaye usajili wake haujakamilika kwenye mfumo wa RFU, chama cha raga cha Uingereza, uitwao GMS. Mtu anahama klabu Ijumaa, anachezeshwa Jumamosi, karatasi zinaonekana Jumatatu, pointi zinaondoka. Kwa klabu inayoendeshwa na wanaojitolea, katibu anayejua kanuni za usajili ana thamani sawa na mpiga penalti mzuri.

Unaweza kulikagua jedwali lote mwenyewe. Jumla ya ushindi wa timu zote iwe sawa na jumla ya kupoteza. Sare ziwe namba shufwa. Jumla ya alama za kufunga ilingane na jumla ya alama za kufungwa. Bonasi za kupoteza kwa karibu za timu zisizidi mechi ilizopoteza. Yote yakikaa sawa na bado pointi za timu moja hazilingani, hapo pana adhabu.

---

MwanaMkunguni (Lamu)

Nakubaliana na Hesabu, ila naongeza jambo kwenye ile 91 na 89. Kipanga, tazama ratiba kama A na B bado wana mechi ya kukutana. Kama ipo, wote wawili hawawezi kufikia viwango vyao vya juu. A akishinda na bonasi huku B akiondoka mikono mitupu, A anasogea pointi 5. Ikiwa kinyume chake, B ndiye anasogea 5. Mechi moja, mzunguko wa pointi 10. Hakuna mechi nyingine kwenye ratiba yenye uzito huo.

Na wastani usiuchukue mzima mzima. Gawa nyumbani na ugenini. Timu ya chini ikicheza nyumbani inapata kikosi chake chote. Ugenini kuna mwenye zamu kazini, kuna mwenye mtoto mgonjwa, kuna aliyekosa basi. Kama katika zile mechi 9 za A, 6 ni za ugenini, ile 3.54 itashuka.

Msimu wa 2019–20 ndipo hesabu za namna hii zilipoamua hatima za watu. Februari 2020 dhoruba Ciara na Dennis zilipita wikendi mbili mfululizo na kuvuruga ratiba, timu zikaachana kwa idadi ya mechi. Machi korona ikafunga kila kitu, na RFU ikapanga nafasi za mwisho kwa fomula iliyotilia maanani mechi ambazo kila timu ilikuwa imecheza. Msimu uliofuata ligi za chini hazikuchezwa kabisa.

Sasa Januari. Uwanja unaahirishwa kwa sababu mbili zisizofanana. Baridi ikigandisha ardhi, nyasi zinaonekana nzuri kabisa kwenye picha lakini chini pamekuwa saruji. Mtu akiangushwa hapo kichwa kinapiga kwenye jiwe. Maji yakituama, hatari ni skramu: miguu inateleza, skramu inaanguka, shingo za watu watatu wa mbele ziko chini ya uzito wote. Ndiyo maana ukaguzi hufanywa asubuhi na mapema, kabla basi la wageni halijaondoka. Baridi inaweza kulegea ifikapo adhuhuri, lakini kumsubirisha mgeni aliye umbali wa saa tatu barabarani si haki, basi wanaahirisha mapema. Kijana wenu akiwaambia saa nne za asubuhi zake kwamba hakuna mechi, hajawadanganya.

Mechi hizo hupelekwa kwenye Jumamosi zilizoachwa wazi katika ratiba. Shida inakuja timu ikiwa na viporo vitatu vinne: Machi na Aprili inacheza kila wiki bila kupumua, huku wenzao wamemaliza. Mechi moja pungufu ya A ni faida ya kwenye karatasi. Miguuni ni deni.

HWO maana yake mwenyeji amepewa ushindi kwa sababu mgeni hakutimiza mechi. AWO ni kinyume chake. Utaziona zaidi kuanzia Januari, na zaidi kwenye Counties 3 na 4 kuliko huko juu. Chanzo mara nyingi si uvivu, ni uhaba wa watu wa mstari wa mbele wa skramu, yaani propu wawili na huka mmoja. Klabu ina timu ya kwanza na ya pili. Propu wawili wa timu ya kwanza wameumia. Wanapandishwa wa timu ya pili. Timu ya pili inabaki na watu 15 lakini hakuna anayeruhusiwa kuingia kwenye skramu. Inatoa mechi.

Saa za kufuatilia: mechi huanza saa tisa alasiri za kule mpaka mwisho wa Oktoba, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, tofauti inakuwa saa tatu. Lakini giza linaingia mapema na viwanja vingi vya chini havina taa za kutosha, basi wanaanza saa nane au saa nane na nusu. Kwa hiyo hata Desemba utakuta kwetu ni saa kumi na moja au na nusu. Mapumziko yanaangukia kabla ya Magharibi na kipindi cha pili kinakutana na adhana. Video ni nadra kwenye Counties 1. Tegemeeni ukurasa wa klabu kwa alama za papo kwa papo, na tovuti ya England Rugby kwa matokeo rasmi na jedwali, ambalo mara nyingine halisasishwi mpaka usiku.

---

BwanaSkramu (Malindi)

Nijibu la skramu, maana hili watu wengi hulipita juu juu na ndilo linaloamua misimu ya madaraja ya chini.

Nafasi tatu za mbele, yaani propu wa kushoto, huka na propu wa kulia, haziruhusiwi kujazwa na mtu asiyefunzwa kazi hiyo. Ni suala la shingo na uti wa mgongo. Kwa hiyo sheria inapanga idadi ya watu hao kulingana na kikosi cha siku. Kikosi cha watu 15 kiwe na 3. Cha 16 hadi 18 kiwe na 4. Cha 19 hadi 22 kiwe na 5. Cha 23 kiwe na 6. Timu nyingi za chini zinasafiri na 18, maana yake akiba ni mtu mmoja tu. Wakiumia wawili wa mbele, refa hana hiari: skramu zote zinazofuata hazisukumwi.

Skramu isiyosukumwa inapangwa kama kawaida, watu wanashikana, lakini hakuna anayeruhusiwa kusukuma hata hatua moja na timu inayoingiza mpira ndiyo inayoutoa. Sasa ona inachoua. Timu yenye skramu nzito inaishi kwa penalti: inamkunja propu wa upande wa pili, refa anapiga filimbi, wanachukua alama 3 au wanapiga mpira kona na kujenga trai kutoka laini-auti, yaani mpira unaporushwa ndani kutoka pembeni. Chanzo hicho chote kinakauka kwa dakika moja. Timu nyepesi yenye mabeki wa mbio inashukuru, kwa sababu fowadi wanane wa kila upande wamefungwa pale na huku nje kuna nafasi tele, na mpira unatoka safi kila mara. Kama A ni timu ya mguu na ulinzi kama Hesabu alivyosema, kijana wenu yuko sahihi: silaha yao ilichukuliwa.

Kipanga, kabla ya mechi soma karatasi ya kikosi, jezi 1, 2, 3 na 16. Ukiona jezi ya 16 imevaliwa na mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa namba 6, ambayo si nafasi ya mstari wa mbele, jua akiba ni ya wasiwasi.

Jeraha la kichwa linachangia sana hapa. Kwenye raga ya kijamii Uingereza hakuna ule uchunguzi wa dakika chache halafu mtu anarudi. Ukishukiwa umepata mtikiso unatoka moja kwa moja, na kurudi kwenye mechi hakuwezekani kabla ya siku 21. Propu wawili wakigongwa Jumamosi moja, klabu haina mstari wa mbele kwa mwezi karibu mzima. Huo mwezi ukiangukia Februari, msimu umeenda.

Na jambo la mwisho kutoka kwangu: tangu msimu wa 2023–24, kuanzia National League 1, daraja la 3, kushuka chini, mkabaji lazima aguse chini ya mfupa wa kifua, pale mbavu zinapoanza kuachana. Sio bega tena kama kwenye mechi za televisheni. Watu wa kwetu wanaotazama Premiership, ligi kuu ya Uingereza, wanadhani refa wa Counties anaonea. Haonei. Na imebadilisha mchezo: mkabwaji mikono yake imebaki huru, anaweza kutoa pasi akiwa anaanguka. Ile mbinu ya kumshika mtu juu na kumsimamisha mpaka mpira usitoke imekufa katika madaraja haya. Mabeki wanaokuja mbio kumuunga mkono mwenye mpira wanavuna trai, na trai ndizo bonasi.

---

NgaziKwaNgazi (Lamu)

Swali la kupanda. Ngazi za wanaume ziko hivi, kutoka alipo kijana: Counties 1 ni daraja la 7. Juu yake Regional 2, kisha Regional 1, kisha National League 2 yenye makundi matatu ya Mashariki, Kaskazini na Magharibi. Halafu National League 1, ambayo ni ya nchi nzima. Juu yake ile iliyokuwa ikiitwa Championship na tangu 2025 inaitwa Champ Rugby, na kileleni Premiership, ambayo tangu 2025 inaitwa Prem. Chini ya Counties 1 kuna Counties 2, 3, 4 na baadhi ya maeneo 5.

Bingwa wa Counties 1 anapanda Regional 2. Wa pili inategemea kanuni za msimu husika, misimu mingine kuna mchujo. Msitegemee ya mwaka jana, someni kanuni za mwaka huu. Wanaoshuka nao hawana idadi ya kudumu, kwa sababu inategemea ni timu ngapi za eneo lenu zinateremka kutoka juu. Timu inaweza kumaliza nafasi ileile misimu miwili, mmoja ikabaki na mwingine ikashuka.

Kisha kuna kuhamishwa pembeni. Baada ya msimu kufungwa RFU inaangalia ramani na kuisogeza klabu kutoka kundi moja kwenda jirani ili idadi zilingane na safari zipungue. Mtu anasubiri wapinzani aliowazoea, Septemba anajikuta na sura mpya kabisa.

Safari ndiyo iliyopanga hata mfumo huu wa sasa. Ligi zilianza rasmi 1987. Mabadiliko makubwa ya 2022 yalipunguza makundi mengi hadi timu 12, na National 2 ikawa tatu badala ya mbili, ili watu wasiishi kwenye basi. Juu ya hapo bado ni tabu. National League 1 ina timu 14, mechi 26. Msimu wa 2022–23 Darlington Mowden Park ya kaskazini na Plymouth Albion ya kusini-magharibi walikuwa pamoja: karibu kilomita 600 kwa barabara, kama kutoka Malindi hadi Nairobi kupitia Mombasa, na unashuka kwenye basi unaingia skramu. Hao Darlington, kwa taarifa yenu, wanachezea uwanja wa viti 25,000 uliojengwa kwa ajili ya klabu ya kandanda. Na kwenye National 2 Mashariki kuna Guernsey Raiders, wa kisiwa kilicho karibu na pwani ya Ufaransa kuliko ya Uingereza. Kwao ukungu uwanjani pa ndege unaweza kufuta mechi ambayo nyasi zake ziko kijani na kavu.

Ngazi hii inapandika kweli. Richmond walifilisika 1999 wakiwa ligi kuu, wakaanza upya karibu na sakafu mwaka 2000, wakafika Championship 2016 kama mabingwa wa National 1. Walishuka 2023 na wamerudi 2025. Ila huko juu kabisa nyasi pekee hazitoshi. Ealing Trailfinders walitwaa Championship 2022 na tena 2024 bila kupandishwa, kwa kuwa uwanja wao haukutimiza masharti ya Premiership. Kwa kijana wa Counties 1 hilo liko mbali. Kwake ushindi ni tiketi.

---

KipangaMalindi (Malindi)

Shukran sana, mmenifungua macho. Nimetazama ratiba: A na B bado hawajarudiana, na ni nyumbani kwa A. Mechi 9 zilizobaki, 5 ni za nyumbani.

Moja lililobaki, maana limeleta zogo hapa. Ile mechi ya skramu zisizosukumwa, dakika ya 79 walikuwa nyuma 17 kwa 27. Wakapewa penalti mita 22, mbele ya nguzo. Nahodha akaelekeza nguzo, wakafunga, ikaisha 20 kwa 27. Nusu ya watu hapa wanasema alikata tamaa, angepiga kona atafute trai.

---

HesabuZaRaga (Lamu)

Nahodha alijua anachofanya, lakini jibu kamili linategemea ile 17 ilipatikanaje.

Kwanza, kushinda kulishatoka. Walihitaji alama 11 ndani ya dakika moja, yaani mara mbili kufunga. Kwa hiyo swali ni pointi ngapi za jedwali zilizobaki kuokotwa. Tofauti ya 10 haina bonasi. Penalti inaifanya 7, na 7 inahesabika. Pointi 1. Hiyo ndiyo 1 iliyo kwenye safu yao ya bonasi za kupoteza. Bila mkwaju ule wangekuwa na 45.

Sasa, kama 17 ilikuwa trai mbili zenye mikwaju na penalti moja, yaani 7, 7 na 3 (trai ni 5, mkwaju unaoifuata ukiingia ni 2, penalti ni 3), basi kona haikuwa na maana. Trai ya tatu ingewapa 22 au 24, wanapoteza kwa 5 au 3, bado pointi ni ileile 1. Ukichagua njia ngumu kwa zawadi ileile, umecheza vibaya.

Kama ilikuwa trai tatu, 7, 5 na 5, hesabu inageuka. Trai ya nne inaleta bonasi ya trai, na 22 kwa 27 inaleta ya kupoteza kwa karibu. Pointi 2. Tuseme mpigaji wako anafunga 8 kati ya 10 kutoka pale: thamani yake ni 0.8. Kona inalingana nayo ikiwa mnafunga mara 4 kati ya 10. Timu yenye laini-auti kali na msukumo mzuri wa pamoja wa fowadi inaweza kuifikia. Na muda si kisingizio, kwa sababu penalti ikipigwa nje laini-auti inachezwa hata kama dakika 80 zimetimia.

Kipanga, walikuwa na trai ngapi?

---

KipangaMalindi (Malindi)

Mbili. Na penalti moja.

---

BwanaSkramu (Malindi)

Basi zogo limekwisha, nahodha apewe haki yake.

Waambieni pia watazame kilichofuata, kwa sababu wengi huipoteza pointi hiyo hapo. Mpigaji wa penalti ana sekunde 60 tangu aonyeshe nguzo. Nahodha mwenye akili anazitumia karibu zote. Mpira ukipita, wapinzani ndio wanaoanzisha upya kutoka katikati, maana yake A ndio wanaopokea. Hapo timu changa hupandwa na jazba, inajaribu kukimbia kutoka kwenye mita 22 yake, mpira unadondoka, na mpinzani anayetaka kukunyima bonasi anahitaji alama 3 tu: penalti au mkwaju wa kudondosha, tofauti inakuwa 10 na pointi imekwenda. Kazi sahihi ni kumpa anayeruka vizuri adake, fowadi wamzunguke, waushikilie mpira kwa ruki (watu kukusanyika juu ya mpira ulio chini) mbili tatu fupi bila pasi ndefu mpaka saa isome 80, kisha namba 9 aupige nje ya mstari wa pembeni. Asiupige kabla. Ukitoka dakika ya 79 na sekunde 50, wapinzani wanapata laini-auti na mechi bado ni hai.